Nani Aliyaita Magugu?

Mbele ya nyumba ya mjomba wangu, Mweya, kuna uwanja wa nyasi ambao hakuna mtu anayeufyeka. Jioni ngiri huja, wakapiga magoti ya mbele, wakala. Nguchiro huwafuata na kuwapekua kupe mgongoni. Usiku hupanda viboko kutoka Mfereji wa Kazinga, na asubuhi nyasi huwa imekatwa chini kama kichwa kilichonyolewa. Mjomba, ambaye ameajiriwa hukohuko hifadhini, husema kwa mzaha kwamba hao ndio vibarua wake, na hawajamdai mshahara hata siku moja.

Nilikaa kwake wiki mbili mnamo Julai 2023. Nilikuwa nimetoka nyumbani Bwera nikiwa na jambo linalonisumbua, na jambo lenyewe lilianzia kwenye nyasi. Katika insha hii ninauliza swali moja: mtu anapokiita kitu gugu, anasema nini hasa, na neno hilo linampa ruhusa ya kufanya nini? Nitaanza na uwanja wa baba, kwa sababu neno hilo nililijua kwa mikono kabla ya kulifikiria kwa kichwa.

Baba alipanda pasipalamu mbele ya nyumba yetu mwaka nilioingia sekondari. Alileta vipande vya nyasi kwenye magunia, akatupanga sisi watoto, tukavipandikiza mstari kwa mstari. Kwake uwanja ule si urembo tu. Nyasi fupi inakuonyesha nyoka kabla hujamkanyaga. Inazuia vumbi wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha udongo hauteremki hadi barabarani. Likizo ile nilipofika kutoka chuoni alinipa kazi moja tu: kuondoa nyasi ngeni iliyokuwa inaumeza uwanja.

Nyasi hiyo inajulikana kwa suke lake, ambalo hufunguka kama vidole vya mkono. Wataalamu wa mimea wameiita jamii yake Digitaria, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kidole. Wamarekani huifananisha na kaa, kwa sababu mashina yake hulala chini na kutambaa pande zote kama miguu ya kaa. Nilichojifunza mapema ni kwamba jamii hiyo ina mimea ya tabia tofauti, na asiyeitofautisha hufanya kazi bure. Kuna ile ya msimu mmoja, ambayo huota kwa mbegu mvua zinapoanza, hutoa mbegu zake, kisha hufa. Kuna pia sangari, ile ambayo jirani zetu Waganda huiita lumbugu. Hiyo haifi. Mashina yake hupita chini ya ardhi, na kila kipande unachokikata kwa jembe huwa mche mpya. Ya kwanza unaing'oa kwa mkono udongo ukiwa na maji, kabla haijatoa mbegu. Ya pili unaifukua kwa jembe la meno, taratibu, ukifuata shina hadi mwisho wake. Ukiilima kwa hasira, umeipanda upya.

Uwanjani kwetu iliyozidi ilikuwa ya msimu mmoja. Mche mmoja mkubwa wa jamii hiyo unaweza kutoa mbegu zaidi ya laki moja, na mbegu hizo hungoja ardhini hadi zipate mwanga. Katika nchi za baridi, baridi kali huiua kila mwaka. Sisi wa karibu na ikweta hatuna msaada huo; tuna misimu miwili ya mvua, na kila msimu huja na vizazi vyake. Kwa hiyo dawa kubwa ni kinga. Usifyeke nyasi yako hadi udongo uonekane; iache ifike urefu wa kidole, takriban sentimita 7, ili kivuli chake kizinyime mbegu mwanga. Pengo likitokea, lizibe kwa kipande cha pasipalamu siku hiyohiyo. Ukimwagilia, mwagilia mara chache lakini maji yazame. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na usipoziba pengo la nyasi utang'oa hadi mgongo uume.

Mimi sikuwa na subira hiyo. Baada ya siku tatu za kuinama niliazima bomba la kunyunyizia, nikanunua dawa ya magugu, nikapuliza. Dawa ile haichagui: kila chenye jani la kijani inakiua. Nilipuliza kwenye nyasi ya vidole, na upepo ukaipeleka hadi kwenye ua wa nyuma ya jiko.

Baada ya siku nane bibi alitoka na ungo wake kama kawaida. Alikaa kimya pale uani kwa muda. Kisha akaniita.

“Mjukuu wangu, mnavu wangu uko wapi?”

Nilimwambia kwamba nilikuwa naua magugu.

“Nani aliyaita magugu?” aliuliza. “Wewe ulipokuwa mdogo ulikula nini?”

Mnavu na dodo pale uani havikupandwa na mtu. Vilijiotea, na bibi alivichuma miaka yote, akavipika na karanga tukala na obundu. Mimi ninayesoma chuo kikuu sikuwa na jina la mimea ile kichwani wakati ninapuliza. Nilikuwa na neno moja tu, na neno hilo lilitosha kuifunika yote. Kuhusu nyasi ya vidole, dawa iliua iliyokuwa juu na haikugusa mbegu zilizolala ardhini. Mvua za Agosti zilipokuja, palepale nilipoacha udongo mtupu iliota nene kuliko mwanzo.

Swali la bibi lina uzito wa kifalsafa, ingawa yeye hakuliuliza kwa ajili hiyo. Fasili ya kawaida husema gugu ni mmea unaoota mahali usipotakiwa. Tukiitazama fasili hiyo vizuri, tunaona kwamba haitaji sifa yoyote ya mmea wenyewe. Haisemi rangi, mzizi wala sumu. Inataja mahali, na inataja kutotakiwa, yaani inamtaja mtu bila kumpa jina. Neno gugu basi ni hukumu, na kila hukumu ina hakimu.

Je, hukumu hiyo inaweza kutegemea asili? Nilidhani hivyo, kwa kuwa hata baba aliiita nyasi ile “ngeni”. Lakini pasipalamu yetu asili yake ni Amerika, hasa Amerika ya Kusini. Sangari na ndugu zake wengi wa jamii ya Digitaria ni mimea ya Afrika. Kama asili ndiyo kipimo, basi tulikuwa tunamfukuza mwenyeji ili mgeni astarehe. Tena jamii hiyohiyo ina nafaka inayoitwa fonio, ambayo watu wa Afrika Magharibi, kama vile Guinea na Mali, huilima na kuila. Ndugu wa gugu letu ni chakula cha sherehe kwa watu wengine.

Asili haitoshi hata kwa njia ya kinyume, na hilo nilifundishwa na Mweya. Rasi hii iko kati ya Ziwa Edward na Mfereji wa Kazinga. Mwaka 1952 eneo hili lilifanywa hifadhi ya taifa kwa jina la Kazinga, na miaka miwili baadaye likapewa jina la Malkia Elizabeth. Viboko walikuwapo kabla ya majina yote mawili. Hata hivyo walikuwa wamekula nyasi ya rasi hadi udongo ukabaki wazi na kuanza kumomonyoka, na wasimamizi wa hifadhi wakaamua kwamba wamezidi. Kuanzia 1957 viboko wa Mweya walipigwa risasi ili kuona ardhi itafanyaje. Nyasi ilirudi, na wanyama wengine wala nyasi, kama nyati, wakaongezeka. Baadaye upigaji huo ulikomeshwa, na viboko wakarudi pia. Ndio hawa wanaomfyekea mjomba uwanja.

Sisemi kwamba walikosea. Ninasema kwamba hata mwenyeji wa kale anaweza kuhukumiwa kuwa amezidi, ikiwa mahali pamepewa kusudi ambalo yeye analizuia. Kinachoamua ni kusudi. Na kusudi linawekwa na mwenye mamlaka ya mahali pale, ambaye si lazima awe mtu wa pale. Wasongora waliochunga ng'ombe kwenye nyasi za nchi hii walijikuta malisho yao yako ndani ya mpaka wa hifadhi na wao wako nje. Kwa hiyo, kabla ya kukubali kwamba kitu fulani ni gugu, tuna haki ya kuuliza mambo matatu: ni mahali gani, ni kwa kusudi gani, na nani aliliweka kusudi hilo.

Uwanja wa baba unajibu maswali hayo bila shida. Ni mahali pake, anataka nyasi fupi kwa usalama wa watoto, na hakuna anayedhulumiwa. Kung'oa nyasi ya vidole pale si dhambi. Kupuliza mnavu wa bibi kulikuwa kosa, kwa sababu ua wa nyuma ulikuwa na kusudi lingine na mwenyewe mwingine, nami sikumuuliza.

Kama mambo yangeishia hapo nisingeandika insha. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiua watu huko Beni, upande wa Kongo, walivuka mpaka na kuvamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe. Waliuawa zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Sitaeleza zaidi, wanaotoka kwetu wanajua, na wasiotoka kwetu walisoma magazetini. Wiki moja baadaye ulifanyika mkutano mtaani kwetu kuhusu usalama. Watu walikuwa hawajalala vizuri kwa siku nyingi. Mzee mmoja, mtu anayeheshimiwa, alisimama akasema kwamba magugu huondolewa kabla hayajatoa mbegu. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimemwambia mdogo wangu maneno hayohayo kuhusu uwanja.

Nyuma yangu alikuwa ameketi mpangaji wetu. Ni mama aliyetoka upande wa Beni na watoto watatu, akakaa kwetu karibu miaka mitatu, akiuza mafuta ya mawese sokoni Mpondwe. Kinande chake na Lukonzo letu ni karibu lugha moja, maana Wakonzo na Wanande ni watu wamoja waliogawanywa na mpaka. Waliposhambuliwa wanafunzi alitoa mchango wa rambirambi kama majirani wengine. Alikuwa amewakimbia wauaji haohao. Nilipogeuka baada ya makofi, kiti chake kilikuwa kitupu. Hakuna aliyemtukana, wala baba hakumfukuza. Alianza kuwafungia watoto wake ndani, na mwisho wa mwezi alilipa kodi yake yote, akahama.

Barazani Mweya nilijaribu kueleza kwa nini sentensi iliyo kweli kwa nyasi ilikuwa uovu pale mkutanoni. Nilipata sababu tatu.

Ya kwanza ni kwamba mmea unajulikana kwa jamii yake. Nikiona nyasi ya vidole najua itafanya nini, kwa sababu zote hufanya hivyo. Binadamu hajulikani hivyo. Kujua mtu katokea wapi hakukuambii atafanya nini kesho. Lazima umtazame yeye mwenyewe na matendo yake. Bibi, ambaye amepalilia ulezi tangu utotoni, ananiambia kwamba ulezi wa porini na ulezi wa shamba vikiwa vidogo havitofautiki, na mtu mwenye haraka hung'oa chakula chake. Ikiwa kwenye mimea tunahitaji subira hiyo, kwa watu tunahitaji kubwa zaidi, kwa sababu mtu anaweza kuulizwa naye akajibu.

Ya pili ni kwamba mtaa si uwanja wa mtu mmoja. Uwanja una mwenyewe anayeweka kusudi. Mtaa ni wa wote wanaoishi ndani yake, na yule mama alikuwa mmoja wao. Mtu hawezi kuhukumiwa kwa kusudi la mahali ambapo yeye pia ana sauti, huku sauti yake ikiwa haijasikika.

Ya tatu ilinichukua siku kadhaa kuiona, na nilipoiona nilisimama. Kwenye nyasi, mbegu ni mbegu. Ukisema “kabla hayajatoa mbegu” kuhusu watu, mbegu ni watoto. Sisi tuliopiga makofi hatukuwa tumekusudia hivyo. Lakini maneno yalisema hivyo, na mama mwenye watoto watatu aliyasikia jinsi yalivyosema. Nchi jirani ya Rwanda inatufundisha yanakoelekea. Mwaka 1994 waliokuwa wanaua waliita mauaji kazi, na waliyaita kufyeka vichaka. Lugha ya shambani iliifanya mikono iendelee bila kuuliza.

Mwanafunzi mwenzangu niliyemsomea rasimu hii alinipinga. Alisema mzee alikuwa anatumia sitiari tu, na aliowalenga ni wauaji; je, mtaa uliovamiwa usijilinde kwa kuogopa kukosea maneno? Ni pingamizi la haki, na nalijibu hivi. Inawezekana kabisa mzee aliwalenga wauaji. Lakini angesema “wauaji”, tungelazimika kuuliza: nani, lini, nani aliona? Angesema “aliyewaficha waasi”, tungedai ushahidi. Neno muuaji linadai ushahidi. Neno gugu halidai; linamwachia kila msikilizaji ajaze jina analolitaka, na mwenye hofu hujaza jina la jirani aliye karibu. Mtaa na ujilinde. Na uweke ulinzi wa usiku, na utoe habari kwa wanaohusika, na umkamate mtu kwa alilotenda. Yote hayo yanawezekana bila kumgeuza mtu mmea.

Nilishawishika kumaliza kwa sitiari nzuri zaidi: kwamba kinga bora ya uwanja ni nyasi nene isiyo na mapengo, na kwamba jamii nayo ijaze mapengo yake kwa upendo. Nimeiacha. Ni sitiari ya wema, lakini bado inauliza nani ni nyasi na nani ni gugu, na swali hilo halina jibu halali kwa watu. Ulinganisho ukishavuka kutoka kwenye mmea kwenda kwa mtu, hausimami pale unapoutaka wewe.

Nyumbani bado napalilia. Safari hii natumia mkono, udongo ukiwa umelowa, na pengo nililoliacha nimeliziba kwa vipande vya pasipalamu kutoka pembeni. Ua wa nyuma ni wa bibi, na siingizi hata jembe bila ruhusa yake. Mnavu umeanza kurudi. Sangari iliyo karibu na ua naifukua pole pole, nampelekea jirani mwenye sungura.

Yule mama nasikia anauza mawese Kasese mjini. Ni safari ya saa moja na zaidi kidogo kutoka Bwera, na basi la chuoni hupita hapo kila muhula. Nimepita mara mbili tangu wakati huo bila kushuka, kwa sababu sikuwa najua nitamwambia nini. Sasa najua angalau la kuanzia: kwamba siku ile mimi nilikuwa kwenye kiti kilicho mbele yake, na kwamba nilipiga makofi.